Uthamini wa nyumba wakati wa talaka: upimaji mzuri, ripoti yenye walakini

Baada ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa kushindwa kutupatanisha, wakili wangu alinishauri nyumba yetu ya Itezi, hapa Mbeya, ithaminiwe mapema, kwa kuwa mwenzangu alitaja bei moja na dalali wa mtaa akataja nyingine, na tofauti ya bei hizo ingetosha kununua kiwanja. Tulichagua kampuni moja na kugawana malipo nusu kwa nusu. Sitaitaja kwa jina kwa sababu ya kasoro nitakayoieleza.

Niliomba kwanza kuona usajili wa mthamini katika Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, naye akanionyesha bila kununa. Alifika asubuhi ya mvua akiwa na mabuti, akapima kila chumba, akapanda ngazi kuchungulia kenchi na bati, akapiga picha nyufa za ukuta wa tofali za kuchoma, na akaliandika hata jiko la nje nililolijenga kwa fedha za viazi, ambalo mwenzangu alipenda kuliita banda. Alikagua hati miliki, akaulizia bei za nyumba zilizouzwa karibuni jirani, na akatueleza kwamba bei hizo huzilinganisha na gharama ya kujenga upya nyumba kama ile, ukiondoa uchakavu.

Nilipomuuliza fungu langu litakuwa kiasi gani, alijibu kwa upole: "Mama, mimi natafuta thamani ya nyumba, nani apate nini ni kazi ya mahakama." Alikuwa sahihi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Ripoti tuliyoahidiwa ndani ya siku 7 ilitufikia siku ya 19. Hilo nililivumilia. Lakini ukurasa wa kwanza ulibeba, kwa herufi nene, thamani ya mauzo ya haraka, shilingi milioni 47, huku thamani ya soko, milioni 68, ikiwa imejificha ukurasa wa 11. Bei ya haraka huhitajiwa na benki, inayotaka kujua itaambulia nini iwapo mkopaji atashindwa kulipa na nyumba ikapigwa mnada. Sisi hatukuwa na mnada wowote: mwenzangu alitaka kubaki na nyumba na kunilipa fungu langu, na tayari alikuwa ameishika ile milioni 47 kama msingi wa hesabu. Nadhani walinakili mpangilio wa ripoti zao za mikopo.

Nilipopiga simu, kijana wa mapokezi alinijibu kwamba namba zote zimo. Nikaandika barua, na baada ya siku 3 wakaleta ripoti mpya bila malipo, ikitaja wazi kuwa uthamini ni wa mgawanyo wa mali ya ndoa, na thamani ya soko ikiwa mbele. Malipo ya mthamini kufika mahakamani kutoa ushahidi hayakuwemo katika makubaliano yetu, hivyo atakayewaendea ayaulizie kabla ya kutia saini. Kwa upimaji ninawapa alama 5 kati ya 5. Kwa uandishi wa ripoti, 2.