Vumbi la cherehani: ununue nini kwanza kwa chumba kidogo cha ushonaji

Fungua kifuniko cha mbele cha ovaloki, ile mashine inayokata na kuzungushia nyuzi ukingo wa kitambaa, baada ya kushona trakisuti za shule, zile za kitambaa chenye manyoya kwa ndani. Utakuta vumbi limejishindilia chini ya kisu, limeshikana na mafuta ya mashine mpaka linabanduka kipande kizima kama kigodoro. Hilo ndilo lililonasa. Jingine limeruka, liko juu ya shelfu, kwenye nyusi na puani. Siku ya kitambaa cheusi, ukipenga kamasi jioni, leso inakuonyesha.

Chumba chetu hapa Dar ni mita 4 kwa 3, dari mita 2.8. Kina cherehani tatu, ovaloki moja, na meza moja ya kukatia ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kupigia pasi. Karibu kila kitu nitakachokitaja hapa tumewahi kukinunua, ila tulinunua kwa mpangilio mbaya. Aliyeumia ni binti aliyekuja kujifunza kazi, ambaye ana pumu. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya, ili fundi mwingine asianze pale tulipoanzia sisi.

Jambo moja ndilo lililonisaidia kuvipanga vifaa hivi. Vumbi likiwa bado limelala kwenye mashine, unaliweza. Likishapanda hewani, unalikimbiza. Manyoya makubwa huanguka upesi, lakini chembe ndogo kabisa, zile zinazofika ndani ya mapafu, huelea kwa saa nyingi. Na si pamba tupu: mna rangi, mna wanga na dawa zilizowekwa kiwandani ili kitambaa kisikunjamane.

Kwenye viwanda vya kusokota nyuzi, pamba ghafi huleta ugonjwa uitwao bisinosisi. Mtu anapumzika mwisho wa wiki, akirudi kazini Jumatatu kifua kinambana. Mshonaji wa kitambaa kilichokwisha kufumwa na kufuliwa hakutani na vumbi kali kiasi hicho. Lakini kama chumba hicho hicho kinajaza mito na magodoro ya pamba ghafi au sufi, umeusogelea ugonjwa huo, na usingoje faida ya msimu ndipo ununue kinga.

Nafasi ya kwanza: vakyumu ya karakana, yenye mfuko

Hii ndiyo ningeinunua kwanza hata kama hela inatosha kitu kimoja tu. Nazungumzia ile ya pipa, inayofyonza vikavu na maji, si ile ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Ya gari haitoi hata uzi uliojiviringisha kwenye meno ya cherehani.

Muuzaji wa kwanza niliyemwendea Kariakoo aliniambia, "Dada, chukua hii, wati elfu mbili!" Nikamwambia, "Kaka, nionyeshe mifuko yake ya akiba." Hakuwa nayo. Nikaaga.

Wati ni umeme inaoula, si nguvu ya kuvuta. Nguvu ya kuvuta huandikwa kwa kilopaskali (kPa) au milibari. Ukikuta mashine mbili za bei moja, linganisha hapo. Kisha tazama kichujio. Sponji ni ya kufyonzea maji tu. Kwa vumbi unataka kichujio cha karatasi iliyokunjwa-kunjwa, na mbele yake mfuko. Mfuko unabeba manyoya, kichujio kinabaki kupambana na chembe ndogo. Bila mfuko, kichujio kinaziba mapema, kisha kila ukikikung'uta unarudishiwa usoni vumbi lako lote.

Neno HEPA, yaani kichujio cha chembe ndogo sana, limebandikwa kwenye maboksi mengi siku hizi, mara nyingi bila daraja. Tafuta H13, ambayo hunasa angalau asilimia 99.95 ya chembe zile ambazo ni ngumu zaidi kunaswa. Usipoipata, vakyumu ya kawaida yenye mfuko mzuri bado inashika nafasi yake, mradi uielekeze sehemu inayotolea hewa mlangoni au dirishani. Dukani omba iwashwe, mulika tochi ya simu pale hewa inapotokea. Ukiona chembe zinacheza kwenye mwanga, iache.

Bomba liwe refu, na mdomo mwembamba wa kuingia kwenye kona uwemo ndani ya boksi. Pipa la lita 15 linatosha chumba kama chetu. Kabla ya kufyonza sakafu, pitisha sumaku, maana pini na sindano zilizovunjika hutoboa mfuko.

Kuhusu umeme usiogope. Vakyumu ya wati 1,200 ikifanya kazi dakika 20 kwa siku inakula uniti 0.4 za Luku. Ila ukiiacha ikivuma siku nzima kando ya ovaloki, saa 10 ni uniti 12, na hapo faida ya shati imekwenda. Sisi tunafyonza kila tunapomaliza mzigo mmoja, na jioni kabla ya kufunga.

Nafasi ya pili: feni ya kutoa hewa nje

Wengi wanadhani pangaboi inasaidia. Pangaboi inaondoa joto mwilini, lakini vumbi inalizungusha tu, na lile lililokwisha tulia mezani inaliamsha tena. Najua joto la Dar la mwezi Februari, sitamwambia mtu aizime kutwa. Izime wakati wa kukata na wa kusafisha, saa nyingine iende taratibu.

Feni ya ukutani au ya dirishani inayotupa hewa nje ni kitu kingine kabisa. Ukubwa wake unaupata kwa hesabu ndogo: zidisha urefu, upana na kimo cha chumba. Chetu ni 4 × 3 × 2.8, yaani mita za ujazo 33.6. Tukitaka hewa yote ibadilishwe mara 10 kwa saa, tunahitaji mita za ujazo 336 kwa saa. Boksi likiandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7. Namba ya boksini hupimwa bila wavu wala bomba, kwa hiyo ongeza. Kwetu nilitafuta iliyoandikwa 500 na zaidi. Ya wati 40 kwa saa 10 inakula uniti 0.4, sawa na vakyumu ile ya dakika 20.

Mahali unapoifunga panazidi ubora wake. Hewa safi iingie mlangoni, ipite mgongoni mwa fundi, ifike kwenye ovaloki, itoke. Ukiifunga juu ya mlango itavuta hewa ya mlangoni na kuitupa nje, ovaloki iliyo kona ya pili isiguswe. Na uangalie nje kuna nani. Upande wa pili wa ukuta wetu mama lishe anapanga sufuria zake, kwa hiyo tukaihamishia dirisha la uani. Ni usumbufu wa siku moja, lakini chakula cha watu hakistahili manyoya.

Mbona isiwe ya kwanza? Kwa sababu haitoi kile kigodoro kilichoko chini ya kisu, na vyumba vingi vya kupanga mwenye nyumba haruhusu ukuta utobolewe.

Nafasi ya tatu: barakoa ya kweli

Bei yake ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo unayoweza kuipata leo. Nimeiweka ya tatu kwa kuwa inamlinda aliyeivaa tu, tena akiivaa sawasawa. Tafuta barakoa ya daraja la N95 au FFP2: N95 huzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, FFP2 asilimia 94. Barakoa laini ya bluu ya hospitali ina mianya mashavuni, na vumbi linapita humo. N95 halisi ina mikanda miwili ya kuzunguka kichwa, kamwe si ya masikioni, na imechapwa namba ya kibali inayoanza na TC-84A. Ndevu zinaifanya isikamate uso. Itupe ikilowa, au pumzi ikianza kuwa nzito. Ya mwanagenzi iwe yake peke yake.

Nafasi ya nne: kisafisha hewa cha umeme

Ni kizuri kwa moshi chumbani kwako. Kwenye karakana manyoya yanakiziba, na kichujio kipya ni gharama inayojirudia. Kama una mwenye pumu na ukuta hautobolewi, kinunue, ukipige hesabu ile ile ya mita za ujazo kwa saa, na kichujio cha nje kiwe cha kufuliwa.

Usinunue: kipulizio

Hiki ndicho tulichoanza nacho, na ndicho kinachouzwa kwa mafundi wengi kama dawa ya vumbi. Unapuliza ovaloki, inang'aa kwa sekunde tatu. Vumbi lote sasa liko hewani, jingine limesukumwa ndani zaidi ya mota, mahali ambapo manyoya makavu na cheche hukutana. Asubuhi moja jua lilipenya kwenye nondo za dirisha mara tu baada ya kupuliza, nikauona mwale wote umejaa chembe, na binti yule amekaa katikati yake akitafuta pumzi.

Kona ambazo mdomo wa vakyumu haufiki, tunachomoa kwanza waya ukutani, kisha tunatumia brashi ya rangi ya inchi moja yenye nywele laini. Mmoja anasugua, wa pili ameshika bomba pembeni ili kila kinachobanduka kimezwe hapo hapo. Kwetu anayeshika bomba ni yule binti, barakoa yake usoni.