Mpiga udi na mpiga gambusi

Udi na gambusi ni ala mbili za nyuzi zinazofanana; watu wengi huwaita wapigaji wake wote wawili "mpiga udi", na taarab ikiwa imekolea hakuna atakayekusahihisha. Lakini ukimkuta mpiga gambusi mwenyewe, mwite kwa ala yake.

Tazama kwanza mwili wa ala. Tumbo la udi hutengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa na kugundishwa ubavu kwa ubavu, na uso wake ni wa mbao. Gambusi, ambayo wengine huiita kibangala, huchongwa kutoka gogo moja, shingo na tumbo vikiwa kitu kimoja, kisha uso huwambwa ngozi. Ndiyo maana sauti yake ni kavu na hukatika upesi, na hewa ikiwa na unyevu ngozi hulegea, basi mpigaji atashinda anakaza. Udi huvuma, kwa kawaida una nyuzi 11, tano zikiwa jozi na moja ikiwa peke yake. Gambusi ina nyuzi chache zaidi.

Asili ya gambusi ni Yemen, na Wakomoro bado wanayo, wakiiita gabusi. Pwani yetu udi ndio uliotamba: Zein l'Abdin wa Lamu alijulikana kwa huo.

Anayeanza leo namshauri ashike udi, maana walimu wapo, hasa Zanzibar. Gambusi itabidi aitafute, na fundi wa kuichonga pia.