Bastola ya kubeba kiunoni kwa joto la Dar: ipi ununue, ipi uiache dukani

Bastola yangu ya kwanza ilikaa kabatini miezi minane. Niliichagua mezani kwa muuzaji kwa sababu ilikuwa nzito, chuma kitupu, imeng'arishwa vizuri. Siku ya kwanza kuivaa kutoka Mbezi kwenda dukani Kariakoo, nilifika Kimara nikiwa nimeshaisogeza kwa mkono mara nne. Saa sita mchana shati lilikuwa limelowa upande mmoja, ubavu unauma, na kijana wangu wa dukani ananiuliza taratibu, "Bosi, kiuno kinakusumbua?" Nikairudisha nyumbani. Nilipokuja kuitoa tena nilikuta madoa ya kutu ya rangi ya kahawa, yamejipanga pale pale jasho lilipogusa.

Tangu hapo nimebeba bastola tatu tofauti, nimepiga nyingine kadhaa za rafiki zangu kwenye uwanja wa shabaha, na nimewasindikiza ndugu na majirani kununua zao. Wengi hukosea nilipokosea mimi: wananunua bastola ya kushika, hawanunui bastola ya kuvaa kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye joto.

Maneno haya ni kwa ajili ya mtu ambaye kibali chake kiko tayari. Silaha nchini iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na safari ya maombi huanzia serikali ya mtaa wako, inapanda hadi polisi. Usimpe muuzaji hata senti ya kushikia mzigo kabla karatasi hazijakamilika. Na silaha yoyote unayoletewa "kwa bei ya ndugu" bila kitabu chake cha umiliki, ikimbie. Waliokuwepo kwenye uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 wanakumbuka jinsi kila mmiliki alivyotakiwa kufika na silaha yake mkononi na karatasi zake, namba zikasomwa moja moja.

Tazama mpini kabla ya mtutu

Mnunuzi mgeni hupima urefu wa mtutu kwa macho, akadhani mfupi ndio unaojificha. Mtutu unaingia ndani ya suruali, hauonekani na mtu. Kinachokufichua ni mpini, maana ndio unaobaki juu ya mkanda ukisukuma shati. Kinachokuchosha ni unene, kwa kuwa ndio unaokubana ukikaa.

Jaribio langu ni la basi la mwendokasi. Simama kama umekosa kiti, inua mkono wa kulia ushike bomba la juu, kisha geuka kidogo kumpisha mtu anayeshuka. Shati limepanda? Mpini umechora umbo? Halafu inama kama unayeokota funguo. Koti hatuvai hapa, na shati la Dar ni jepesi na linanata mwilini likilowa. Bastola inayojificha vizuri kabisa chini ya jaketi la Ulaya, hapa inaweza kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Kuhusu risasi sitazunguka: chukua 9 mm, ile ya 9×19 iitwayo Parabellum. Ndiyo inayotumiwa na majeshi na polisi wengi duniani, na mazoezi yake hayaumizi mkono kama saizi kubwa. Watu hunionyesha bastola nzuri za zamani za 7.65 mm, kama Walther PPK iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1931. Ni nyembamba, nzuri mno. Lakini kabla ya kulipia, uliza risasi zake, na uulize maduka mawili. Bastola usiyoweza kuifanyia mazoezi si ya kubeba.

Ya kwanza: Glock 43X

Ilitoka mwaka 2019, inabeba risasi 10, unene wake ni milimita 28 na uzito karibu gramu 530 ikiwa na magazini (kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini) tupu. Mtutu ni milimita 87. Ndiyo ninayovaa sasa. Mpini wake unajaza kiganja, kidole kidogo hakining'inii hewani, na hapo ndipo inapozishinda bastola nyingi nyembamba ambazo ukizifyatua zinakuchezea mkononi.

Faida yake kubwa kwa mji huu ni kwamba unaweza kukaa nayo kwenye foleni ya Ubungo saa nzima bila kuigusa. Sisemi hivi kwa starehe tu. Mtu anayegusagusa kiuno anaonekana. Vibaka wa mjini wanasoma mikono ya watu kuliko unavyodhani, na mlinzi mwenye hofu naye anasoma.

Kasoro yake ni ya Glock karibu zote. Kwanza, haina swichi ya usalama ya kidole gumba. Kinga zake tatu ziko ndani na kwenye triga yenyewe, yaani kifyatulio, kwa hiyo kinachokulinda ni holsta, ala ya kuvalia bastola, inayofunika triga na kidole chako kukaa nje. Pili, huwezi kuifungua kuisafisha bila kubonyeza triga. Hapa ndipo watu wazima, wenye uzoefu, wanapotoboa kuta na miguu. Mimi nina ndoo ya mchanga kona ya chumba. Natoa magazini kwanza, naiweka mbali. Navuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma mara tatu, naishikilia wazi, natazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwenye mwanga, kisha naingiza ncha ya kidole kidogo nihakikishe pako tupu. Ndipo naelekeza mtutu kwenye ndoo na kubonyeza. Kila siku hivyo hivyo, hata kama niliitazama dakika tano zilizopita.

Ya pili: Glock 19

Hii ndiyo utakayoonyeshwa kwanza popote duniani. Ipo tangu 1988, inabeba risasi 15, mtutu milimita 102, na karibu kila holsta inayotengenezwa ina toleo lake. Ikiharibika kitu, kuna spea na kuna fundi aliyewahi kuifungua.

Sasa angalia jambo ambalo wauzaji hawalisemi: urefu wa kusimama, kutoka chini ya magazini hadi juu, ni milimita 128, sawasawa na 43X. Tofauti iko kwenye unene, 34 dhidi ya 28, na kwenye uzito, karibu gramu 670 ikiwa na magazini tupu. Milimita sita unazisikia ukikaa kwenye kiti cha gari. Kwa mtu mnene wa mwili, au anayevaa shati la kitenge lisilochomekewa, Glock 19 inakaa bila shida, na ningemwambia aichukue bila kusita, maana ni rahisi zaidi kuilenga. Kwa mtu mwembamba wa mashati ya ofisini, arudi kwenye ya kwanza.

Ya tatu, na kwa baadhi yenu ndiyo ya kwanza: CZ P-07

Ya Wacheki hawa ninaiheshimu sana. Ina nyundo ya nje, risasi 15, uzito karibu gramu 780, na ina wenzo wa kushusha nyundo salama wakati risasi iko chemba. Ukishaishusha, mvuto wa kwanza wa triga unakuwa mrefu na mzito, na risasi zinazofuata mvuto ni mwepesi. Kuna na vipande vya kubadilishia ukitaka swichi ya usalama badala ya wenzo.

Kwa nini nasema ni ya kwanza kwa baadhi? Kwa sababu wengi wetu, tukubali, mazoezi ni mara mbili kwa mwaka. Mtu wa namna hiyo akiogopa kubeba risasi chemba, anabeba bastola tupu akitegemea kukoki siku ya siku, mikono inatetemeka, pengine mkono mmoja umeshikwa. Nimewajaribu rafiki zangu wawili kwa bastola isiyo na risasi, nikiwashtua kwa kelele: wote wawili walivuta slaidi nusu. Mvuto mzito wa P-07 unampa mtu kama huyo nafasi ya kufikiri kabla mlio haujatoka, na nyundo anaweza kuibana kwa dole gumba anaporudisha bastola kwenye holsta, akahisi kama kuna kitu kimenasa triga. Unene na uzito ndivyo vinavyoiweka nafasi ya tatu, basi.

SIG P365

Ilipotoka mwaka 2018 ilishangaza watu: risasi 10 ndani ya bastola ya urefu wa milimita 147, uzito karibu nusu kilo. Inafunguliwa kwa wenzo bila kubonyeza triga, na lipo toleo lenye swichi ya usalama. Kwa kujificha inaishinda 43X. Nimeishusha kwa sababu moja, ufupi wa mpini. Kiganja changu kinaikosa robo, na baada ya risasi thelathini shabaha yangu inaanza kutawanyika. Dada mmoja jirani yangu, mwenye mikono midogo, anaipiga vizuri kuliko mimi ninavyoipiga Glock 19. Kwa hiyo mikono midogo iipandishe hadi namba moja.

Rivolva ya .38

Rivolva ni bastola ya silinda inayozunguka, na nazungumzia ndogo za risasi tano kama Smith & Wesson 642, karibu gramu 415, nyundo imefichwa ndani isinase kwenye nguo. Mzee wangu mmoja mwenye baridi yabisi vidoleni hawezi kuvuta slaidi ya bastola yoyote niliyotaja, na kwake hii ndiyo jibu. Ila wepesi wake unalipiwa: inapiga teke kali, na triga yake ni nzito.

Za Uturuki kama Canik zina triga tamu sana uwanjani. Triga nyepesi namna hiyo sipendi kuiweka kiunoni. Uwanjani, ndiyo.

Kama ni ya mkononi

Bastola iliyotumika si mbaya, mradi biashara ifanyike kupitia taratibu za polisi za kuhamisha umiliki. Glock ina namba mahali patatu: kwenye kibamba cha chuma chini ya fremu, kwenye slaidi na kwenye mtutu. Zisome zote tatu kwa sauti huku mwenzako akifuata kwenye kitabu. Namba moja ikipishana, rudisha mezani, aga, ondoka. Kisha toa magazini, hakiki chemba, utazame ndani ya mtutu kutoka nyuma ukiwa umeutoa kwenye bastola. Pwani yetu ina chumvi hewani, na bastola iliyokaa Kigamboni droo ya chini miaka mitano inaweza kung'aa nje na kuwa na vishimo ndani.

Weka fedha ya holsta kabla ya fedha ya bastola

Ninasihi hapa kuliko popote. Holsta za kitambaa laini zinazouzwa kwa bei ya chai ndizo hatari. Mdomo wake ukilegea kwa jasho, ukingo hujikunja ndani, na unaporudisha bastola ule ukingo unaingia kwenye triga na kufanya kazi ya kidole. Nunua ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako hasa, inayofunika triga yote, na mdomo unaobaki wazi bastola ikiwa nje. Igeuze juu chini na bastola tupu ndani, uitikise. Ikidondoka, si yako.

Mkanda nao. Mkanda wa kawaida unajikunja, bastola inalala, mpini unatokeza. Nilishonewa wangu na fundi viatu wa Kariakoo, ngozi mbili zimegandishwa na kushonwa kingo zote, na mpaka leo haujapinda. Chini ya holsta vaa fulana ya pamba, maana ngozi tupu na plastiki havipatani saa nane mchana. Jioni futa slaidi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki. Magazini toa risasi, zifute pia. Jasho linashuka hadi huko.

Halafu kuna saa ambazo huwezi kuwa nayo. Benki, mahakamani, majengo ya Posta yenye mlinzi na kifaa cha kukagua. Ijumaa msikitini, ukisujudu katikati ya safu, si mahali pake. Ukijua jioni kuna glasi, ibaki nyumbani tangu asubuhi. Droo ya dashibodi si sefu: nunua kisanduku cha chuma chenye waya mnene unaofungwa kwenye chuma cha chini ya kiti, na nyumbani sefu iliyopigwa bolti ukutani. Watoto wa mjini wanajua namba ya siri ya simu yako kwa kukutazama mara moja, kwa hiyo namba ya sefu isiwe hiyo wala mwaka wa kuzaliwa mtu.

Siku ya kwenda dukani vaa shati lako la kazi na mkanda wako. Mwombe muuzaji ahakikishe bastola ni tupu mbele yako, kisha uihakikishe mwenyewe hata kama ameshaifanya. Ivae. Kaa kwenye kiti chake dakika kumi, zungumza naye habari nyingine, inama ufunge kamba ya kiatu. Muuzaji wangu wa sasa ana kiti cha plastiki kwa kazi hiyo hiyo, na hajawahi kumharakisha mtu aliyekikalia.