Matema: ziwa limejaa samaki, hotelini tukaambiwa hakuna

Ukienda Matema, lala popote moyo wako utakapopenda, ila samaki usimtegemee kwa aliyekupa kitanda. Nasema hivi nikiwa bado na hasira na sioni sababu ya kuificha. Hoteli tuliyofikia siitaji jina, maana mwambao ule una watu wengi wema wanaoishi kwa wageni, na sitaki moshi wa jiko moja uwaumize wote macho. Naandika ili mwingine atakayempeleka mzazi wake kule ajue la kufanya mapema.

Kwa wasiopajua, Matema iko wilayani Kyela, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, pale maji yanapogota kwenye Milima ya Livingstone. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini pwani yetu ndiyo hiyo. Kutoka Mbeya mpaka bahari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo mtu wa Mwanjelwa au Tukuyu akikwambia wikiendi anakwenda bichi, ujue anashuka Matema.

Safari yenyewe tuliifunga kwa ajili ya mama mkwe wangu. Mimi ni Mhehe, nimeolewa Unyakyusani, na mama huyu amenilea kama alivyowalea wa kwake. Alizaliwa upande wa Ipinda. Baba yake alikuwa akitega migono, ile mitego ya kusuka ya samaki, mtoni, na msimu wa mbasa kupanda kwenda kutaga nyumba nzima ilikuwa inakula samaki mpaka watoto wanakimbia. Mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa, mrefu, mweupe kama fedha, ana miiba ya kutosha lakini nyama yake tamu ajabu. Tangu alipoolewa akahamia Mbeya, mama amekuwa akimla aliyekaushwa tu, wa sokoni. Miguu sasa inamsumbua. Tulipomuuliza tumpeleke wapi apumzike, hakutaja Dar wala Zanzibar. Alisema, "Nipelekeni nikale mbasa mbichi, ametoka majini siku hiyohiyo." Basi. Hakuomba kingine.

Nikapiga simu hotelini wiki moja kabla. Nikauliza kuhusu vyumba, halafu nikauliza kuhusu samaki, tena kwa kumtaja mbasa. Nikajibiwa kwa sauti ya uchangamfu kabisa, "Samaki wapo muda wote, mama, nyie njooni tu."

Njia sina malalamiko nayo. Unateremka kutoka Uyole, unapita migomba ya Kiwira na chai ya Tukuyu, na kila baada ya kona unavua nguo moja, kwa sababu Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ziwani ni chini ya mita 500. Ukifika Kikusya unakata kwenda Ipinda. Kipande kile zamani wakati wa masika kilikuwa cha kusukuma gari, sasa ni lami. Mpunga kushoto na kulia, kakao imeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba. Mama alikuwa amekaa mbele, anatusomea vijiji kimoja kimoja kabla hatujaviona.

Na Matema yenyewe, jamani. Mchanga mrefu, maji yasiyo na chumvi unayoweza kunawia uso bila macho kuwasha, na milima inayoanzia palepale ukingoni kupanda moja kwa moja mawinguni. Wanasema kina cha ziwa hili kinafika karibu mita 700, na ukisimama upande wa mawe unaamini, maji yanabadilika rangi hatua chache tu kutoka ulipo. Ufukweni hapakuwa na muziki wa kupasua masikio wala mtu wa kukufuata na bidhaa. Watoto wanaogelea, akina mama wanafua, mitumbwi imelazwa mchangani. Mama alivua viatu, akaingia maji mpaka magotini, akasimama huku ameshika khanga yake, hataki kuongeleshwa. Ningeishia hapo ningewapa nyota zote.

Jioni tukaagiza chakula. Mhudumu akasema samaki hakuna, kuna kuku na chipsi. Nikamkumbusha ile simu. Akasema yeye hajui, aliyepokea simu ni mwingine. Sawa, tukala kuku wa kisasa na chipsi, mbele ya ziwa, wote kimya. Mama akasema tusigombane na watu, asubuhi ipo.

Usiku taa za wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, zilijaa ziwani. Nawaambieni hili ili muelewe kwamba ziwa lilikuwa shwari. Najua, na wavuvi wenyewe waliniambia, kwamba katikati ya mwaka upepo wa kusini ukivuma ziwa linachafuka na mitumbwi inalala nchi kavu, siku hizo ukiambiwa hakuna, hakuna kweli. Sisi hatukwenda siku hizo. Alfajiri mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kulikuwa na samaki wa kila namna. Usipa kwenye mabeseni wanameta, kambale, na mbasa wamelazwa juu ya majani ya mgomba. Mama akaanza kusalimiana na watu Kinyakyusa, na haukupita muda akampata mzee anayeifahamu familia ya baba yake. Tulinunua mbasa wawili wakubwa kwa bei ambayo mume wangu hakuamini, na mzee akatuongezea usipa mkono mzima, hataki hela. Mama anasema "ndaga fijo, ndaga fijo", yaani asante sana, na machozi yanamlengalenga.

Tukarudi hotelini na ndoo. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Wao hawana samaki, sisi tunao, wana jiko na mpishi, tutalipia gharama ya kupika. Hata mkoa wote umejaa sehemu ambapo unachagua nyama buchani na jikoni wanakuchomea.

Meneja alikuwa amekaa mapokezi, anachezea simu. Kijana, sidhani kama amefika miaka thelathini na mitano. Mama akatangulia, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, akamsalimia. Mama ndiye aliyeanza kumsalimia! Mtu wa rika la bibi yake. Yule kijana hakuinua macho. Alinyoosha kidole kwenye tangazo ukutani, akasema chakula kutoka nje hakiruhusiwi.

Mama akamjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu si wa kutoka nje. Huyu ametoka hapo." Akamwonyesha ziwa.

Na yeye ndipo alipoinua uso akasema haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Bibi, hapa siyo gengeni. Toeni hiyo ndoo, inanuka, wageni wanakunywa chai."

Nimeshakutana na huduma mbovu maishani. Nimelala gesti zisizo na maji Makambako, nimeachwa na basi Igawa, na sikuandika popote. Umeme kukatika, chai kuchelewa, hayo ni mambo ya dunia. Lakini mzee wa watu anasimama mbele yako, amekusalimia, umekaa, hunyanyuki, hata shikamoo hutoi! Unyakyusani mtoto akikutana na mkubwa anainama, wengine wanachuchumaa kabisa. Mimi niliyetoka Iringa nilifundishwa hivyo siku ya kwanza nilipoletwa ukweni. Na kama huyu kijana si mwenyeji, amekuja kutafuta riziki tu, shikamoo si ya kabila moja, nchi nzima inaijua. Halafu harufu! Samaki aliyetoka majini dakika chache zilizopita ana harufu gani? Umejenga hoteli kwenye kijiji cha wavuvi, tangazo lako barabarani umechora samaki, picha ulizonitumia kwenye simu zina samaki kwenye sahani na kipande cha ndimu, halafu samaki mwenyewe akiingia mlangoni unasema ananuka?

Mume wangu alitaka kumpandishia. Mama akamzuia. Akaokota ndoo yake mwenyewe, akatoka nayo. Sitaki kuendelea na hapo.

Aliyetuokoa ni dada wa usafi wa hotelini humohumo. Alitufuata hadi nje, akampigia mama goti, akapokea ndoo, akatupeleka kwa shangazi yake anayepikia wavuvi karibu na mwalo, kibanda cha nyasi chenye benchi mbili. Shangazi akamkalisha mama kwenye mkeka kivulini, akamletea maji ya kunawa, halafu ndipo akauliza samaki apikwe vipi. Mama akataka wa kuchemsha, asikaangwe. Akamparua, akamkata vipande vinene, kitunguu, nyanya, chumvi, ndimu, basi. Wala hakuweka viungo vya pakiti. Wali wa Kyela pembeni, ule mchele ambao ukipikwa jirani anajua. Usipa akawakaanga wakavu, tukawa tunatafuna kama karanga.

Mama alikula kichwa. Alikula taratibu, anatoa mwiba mmoja mmoja anaupanga pembeni, anatusimulia mito na majina ya watu ambao mume wangu mwenyewe hakuwahi kuwasikia. Wajukuu zake wamekaa miguuni pake, wanasikiliza. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Tulipouliza bei, shangazi alitaja kiasi ambacho hakifikii sahani moja ya ile kuku na chipsi ya jana. Tulimlipa zaidi, akakataa, tukamwachia mtoto wake.

Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini hotelini wanasema hakuna. Wachuuzi wa Kyela na Tukuyu wanafika mwaloni kabla jua halijachomoza, wana pikipiki na masanduku ya barafu. Mpaka saa mbili asubuhi samaki mzuri ameshapanda mlima kwenda Mbeya. Hoteli isiyomtuma mtu wake alfajiri haipati kitu, na jikoni pale hakuna anayetumwa, wanangoja wavuvi wawaletee mlangoni kwa bei ya kuwakandamiza, na wavuvi wameshachoka nao. Kwa hiyo dawa yake ni mtu mmoja, beseni moja, saa kumi na mbili asubuhi. Wameshindwa hilo, halafu tusi wakampa mama yangu.

Sasa niwe mkweli, maana hasira isinifanye niseme uongo. Chumba kilikuwa kisafi. Mashuka yananukia sabuni, chandarua hakina tundu hata moja, na kwa joto na mbu wa Kyela hilo ni jambo kubwa kuliko televisheni. Mlinzi wa usiku ni mtu wa heshima. Veranda inatazama maji, na ukiamka unaona milima kabla hujashuka kitandani. Bei si mbaya. Nilipofika hapo katika kuandika nilikuwa tayari kusema nendeni tu, mkale kwa shangazi mkalale hotelini, mtafurahi.

Lakini nikaikumbuka bili. Siku ya kuondoka tuliletewa karatasi ina mstari umeandikwa "usafi wa ziada". Nikauliza usafi gani. Wa pale mapokezi, kwa sababu ya ndoo. Ndoo iliyokaa sakafuni muda wa kusemeshana maneno manne! Binti wa mapokezi aliona aibu mwenyewe, akaufuta ule mstari kwa kalamu bila kumwita mtu. Mungu ambariki, ila aliyeuandika anajulikana. Basi hapana. Msilale pale. Nyumba za wageni Matema zipo nyingine, na kabla ya kulipia ulizeni jambo moja tu: nikinunua samaki mwaloni, mtanipikia? Jibu lao litawaonyesha watu mnaokwenda kukaa nao.

Mkiweza, pangeni iwe Jumamosi. Kwenye soko la Lyulilo, hapo jirani, Wakisi, watu wa mwambao huu, huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kazi ya mikono ya akina mama, na ndivyo vilevile tunavyovinunua Mbeya kwa bei ya juu baada ya kupita mikono mingi. Mama alichagua chungu cha kupikia samaki. Alivigonga vyote kwa kidole kusikiliza mlio mpaka akakipata chake, na muuzaji akafurahi kuona anauziana na anayejua.

Tuliporudi nilimwandikia mwenye hoteli ujumbe mrefu. Meneja akanipigia juzijuzi, mpole sana, ananiita dada, anasema kulitokea kutoelewana na wako tayari kutupa usiku mmoja bure. Nikamwambia aliyekosewa si mimi, nampa simu mama ili amwambie yeye. Akasema ana wageni, atapiga baadaye. Bado hajapiga. Akipiga, akamwamkia, nitarudi hapa kubadilisha nilichoandika, na nitafanya hivyo kwa moyo mweupe. Kwa sasa hoteli nawapa nyota moja, na hiyo ni ya yule dada wa usafi. Mama yeye ameshaanza kuuliza tunashuka lini tena, na safari hii anataka tufikie kwa shangazi moja kwa moja.