Tahadhari: Anayeuza "vetiva" na gabioni kwenye viwanja vya miteremko, Goba hadi Madale

Tahadhari hii inawahusu wenye viwanja, kamati za miradi ya viwanja na mafundi wanaosimamia ujenzi kwenye vilima vya kaskazini-magharibi mwa Dar es Salaam, hususan Goba, Madale na mitaa inayopakana nayo. Kuna mtu anayejitambulisha kuwa mkandarasi wa mazingira, ambaye huongozana na dalali wa viwanja na kuuza kile anachokiita kazi kamili ya kuzuia mmomonyoko, yaani nyasi za vetiva, uzio wa kitambaa wa kukamata tope na ukuta wa gabioni (maboksi ya wavu wa waya yanayojazwa mawe). Majirani kadhaa katika mradi wetu walimlipa, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona kwenye viwanja vyao nilipoyakagua kama mjumbe wa kamati. Simtaji kwa jina kwa sababu malalamiko yamekwisha kufikishwa polisi, na pia kwa sababu jina alilowapa majirani si lile linalotokea kwenye simu mtu anapomtumia fedha.

Mtu huyu huchagua wakati wake vizuri. Huja mwishoni mwa kiangazi, greda likiwa limekwisha kupita, nyasi na vichaka vimeng'olewa, na udongo mwekundu wenye mchanga mwingi uko wazi kuanzia juu ya kilima hadi kwenye korongo. Mwenye kiwanja anajua kwamba masika iko mlangoni, na aliyewahi kuona mvua ya Aprili ikishuka kwenye mteremko uliokwanguliwa hahitaji kushawishiwa kwamba jambo fulani lifanyike haraka. Hofu hiyo ina msingi. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limeandika kwamba udongo unaosombwa kutoka kwenye eneo la ujenzi kwa kawaida huwa mara 10 hadi 20 ya ule unaosombwa kutoka shambani, na huku kwetu tope hilo huishia kwenye uwanja wa jirani wa chini, kwenye makalavati, na hatimaye kwenye mito kama Mbezi na Tegeta, ambayo hupita chini ya Barabara ya Bagamoyo kabla ya kufika baharini. Kwa hiyo tatizo analolieleza mtu huyu ni la kweli kabisa. Kilicho cha uongo ni dawa anayoiuza.

Nianze na vetiva, kwa kuwa ndiko fedha nyingi zilikopotelea. Vetiva halisi ni nyasi yenye sifa ya kipekee, kwani mizizi yake hushuka wima na inaweza kufika mita 3 au zaidi ardhini, na mashina yake yakipandwa kwa kubanana hutengeneza ukuta hai unaopunguza kasi ya maji na kuliacha tope nyuma yake. Alichowaletea majirani, kwa sehemu kubwa, kilikuwa mchaichai. Kwa mbali nyasi hizi mbili zinafanana sana, hasa zikiwa zimekatwa majani na kufungwa kwenye matita, na mtu asiyezijua hawezi kulaumiwa kwa kutozitofautisha. Mama mmoja wa mradi wetu ndiye aliyegundua. Alikata jani kwenye tita lililokuwa bado halijapandwa, akalisugua kati ya vidole, akanusa, kisha akauliza kwa nini tunapanda chai. Hilo ndilo jaribio rahisi kuliko yote, na halihitaji mtaalamu: jani la mchaichai likisuguliwa hutoa harufu ya limau papo hapo, ilhali jani la vetiva halina harufu hiyo, na kwenye vetiva harufu iko kwenye mizizi. Mchaichai si mmea mbaya na una mahali pake karibu na jiko, lakini mizizi yake ni mifupi na haiwezi kushikilia ukingo uliochongwa na mashine ya kijiko.

Kwa wateja waliokuwa mbali, hasa wale wanaojenga wakiwa mikoani au nje ya nchi na kusimamia kazi kwa picha za simu, aliuza pakiti alizosema ni mbegu za vetiva za kumwagwa kwenye mteremko. Hapa hakuna haja hata ya kunusa. Aina ya vetiva inayotumika kuzuia mmomonyoko haizai mbegu zinazoota, na ndiyo maana inapendwa, kwa kuwa haitambai kwenda kwa jirani na kugeuka gugu. Huoteshwa kwa kugawanya mashina na kupanda vipando vyenye machipukizi mawili au matatu. Anayekuuzia vetiva kwenye pakiti ya mbegu amekuuzia nyasi nyingine au hajakuuzia kitu chochote.

Hata matita machache yaliyokuwa na vetiva halisi yalipandwa kwa namna ambayo yasingefanya kazi. Vipando vilichomekwa nusu mita kutoka kimoja hadi kingine, wakati safu hiyo inatakiwa kuwa na kipando kila sentimita 10 hadi 15, na safu zenyewe zilielekezwa kushuka na mteremko badala ya kuukata kwa usawa mmoja. Safu inayoshuka na mteremko haizuii maji, bali inayaonyesha njia. Aidha, vetiva huhitaji miezi kadhaa na maji ya kutosha kabla ya kufunga safu, kwa hiyo ahadi yake kwamba nyasi iliyopandwa Machi italinda kiwanja Aprili ya mwaka huohuo haina ukweli wowote, hata kama mche ni halali.

Kuhusu uzio wa kitambaa, jambo lenyewe ni rahisi zaidi kulieleza. Uzio wa kukamata tope hutengenezwa kwa kitambaa maalumu kinachopitisha maji polepole na kuacha udongo, na upindo wake wa chini huzikwa kwenye mfereji mdogo wa takriban sentimita 15 kwenda chini, kisha udongo hushindiliwa juu yake ili maji yasipite kwa chini. Alichofunga yeye ni viroba vya mbolea vilivyopasuliwa na kushonwa pamoja, vikasimamishwa kwa vijiti vya mkorosho, na upindo wake ulikuwa umewekewa mawe tu juu ya ardhi. Niliinua upindo huo kwa ncha ya kiatu. Mahali pengine alikuwa ameufunga uzio kukatiza katikati ya korongo, mahali ambapo maji ya eneo lote hukusanyika, jambo ambalo hata kitambaa bora kuliko vyote hakiliwezi. Uzio wa namna hii umekusudiwa kwa maji yanayotambaa kwa upana kwenye eneo dogo, na mwongozo unaotumika sana ni kwamba eneo hilo lisizidi takriban sehemu ya kumi ya hekta kwa kila mita 30 za uzio. Maji ya korongo huhitaji vizuizi vya mawe na bwawa dogo la kutulizia tope, na anayejua kazi hatakwambia vinginevyo.

Gabioni zake zinahitaji kuangaliwa kwa makini kwa sababu kwa nje zinapendeza. Upande wa mbele ulipangwa mawe magumu, makubwa, yaliyochaguliwa kwa uzuri, lakini tulipofungua kifuniko cha boksi moja kwa idhini ya mwenye kiwanja tulikuta katikati kumejazwa kifusi, vipande vya matofali na mawe laini yanayomeguka mkononi. Kifusi hicho hutoka chenyewe kupitia matundu ya wavu mvua inapokipiga, boksi hubonyea, na ukuta huegemea mbele. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi cha kukunjika kwa vidole viwili, ilhali gabioni ya kawaida yenye matundu ya milimita 80 kwa 100 hutengenezwa kwa waya wa takriban milimita 2.7, uliopakwa zinki na kusokotwa mara mbili ili ukikatika mahali pamoja wavu wote usifumuke. Nyuma ya ukuta hapakuwa na kitambaa cha kuchuja, hivyo udongo wa kilima ungeendelea kupita kati ya mawe na kuacha tundu nyuma. Mwenye kiwanja asiridhike na kuangalia uso wa ukuta. Adai kuwapo wakati maboksi yanapojazwa, na aone msingi umechimbwa kabla boksi la kwanza halijawekwa.

Ili kujenga imani, mtu huyu hubeba faili lenye karatasi nyingi, na kati ya hizo ipo anayoiita cheti cha NEMC, yaani baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, kinachomruhusu kufanya kazi za mmomonyoko. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, kinachotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, huhusu mradi fulani mahali fulani, na si kibali cha mtu kuzunguka nacho mtaani kuuza huduma. Kwa mkandarasi swali la kwanza ni usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo humsajili kila mmoja kwa aina ya kazi na kwa daraja, na jina lake linaweza kuulizwa huko kabla hujatoa hata shilingi moja. Tulipoliuliza jina la kampuni iliyoandikwa kwenye faili, halikuwamo.

Uongo mwingine una madhara makubwa zaidi kuliko fedha zilizopotea. Kwa wenye viwanja vilivyo kando ya mto amekuwa akisema kwamba ukuta wake wa gabioni ukishajengwa, katazo la mita 60 halitawahusu tena, kwa kuwa ukingo utakuwa umeimarishwa. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au ufukwe, shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira ya maeneo hayo, na hakuna fundi, dalali wala mjumbe wa mtaa mwenye uwezo wa kuifuta kwa mawe na waya. Anayenunua kiwanja kwa kutegemea maneno hayo ananunua bomoabomoa.

Malipo yalidaiwa yote kwa mkupuo, au angalau robo tatu, kabla ya lori la kwanza kufika, kwa maelezo kwamba miche ingenyauka na waya ungepanda bei. Fedha zilitumwa kwa namba za simu za watu binafsi, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) haikutolewa hata pale ilipoombwa, na mkataba ulikuwa karatasi moja yenye jumla ya bei bila kutaja unene wa waya, aina ya kitambaa, umbali wa kipando hadi kipando, wala nani atamwagilia na kurudishia miche iliyokufa. Yeyote anayeingia makubaliano ya namna hii na ahakikishe mambo hayo yameandikwa, na alipe kwa hatua kazi inapokaguliwa. Kama haiwezekani, ni nafuu kuuacha mteremko na nyasi zake za asili hadi msimu upite, kuchimba mtaro wa juu unaoyaepusha maji ya kilimani, na kutandaza nyasi kavu kwenye udongo ulio wazi. Kazi hiyo vibarua wa mtaani wanaiweza na gharama yake ni ndogo.

Kwa wale ambao wamekwisha kulipa, tafadhali msiwaruhusu vibarua wake kurudi kuchukua maboksi ya waya au kung'oa miche kwa kisingizio cha kubadilisha, kwa sababu vitu hivyo ndivyo ushahidi wenu. Pigeni picha zenye tarehe, wekeni tita moja la miche kwenye ndoo ya maji ili libaki hai, kateni kipande cha waya na cha kiroba, na hifadhini ujumbe wa malipo pamoja na namba iliyopokea. Taarifa itolewe kituo cha polisi cha karibu na nakala ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa kuwa bidhaa iliuzwa kwa jina lisilo lake, malalamiko yanaweza pia kupelekwa Tume ya Ushindani. Kamati yetu ina nakala ya faili lake na picha za kazi aliyoiacha, na iko tayari kuzikabidhi kwa mpelelezi wa shauri lolote litakalofunguliwa.