Shaba yenye enameli au kaure: vyombo viwili vya Guangzhou

Weka sahani mbili za karne ya 18 mezani, moja ya kaure, nyingine ya shaba yenye enameli, zote zenye maua ya waridi. Kwa mbali utadhani ni mapacha. Zigonge kidogo kwa ukucha: kaure hulia kama kengele, shaba hutoa sauti nzito, fupi.

Kaure ilifinyangwa na kuchomwa Jingdezhen, mji wa wafinyanzi nchini China, kisha nyingine zikasafirishwa zikiwa nyeupe hadi Guangzhou, bandari ya kusini mwa China, zikachorwe huko kwa ajili ya wateja wa Ulaya. Chombo cha shaba kilianza kwa nyundo. Bati jembamba la shaba lilifunikwa kwa enameli, yaani unga wa kioo unaoyeyuka na kushika ukichomwa, pande zote mbili (upande mmoja tu, na chombo kingejipinda kikipoa), likachomwa, likachorwa, likachomwa tena. Ufundi huo uliingia China kutoka Ulaya, wakati wa mfalme Kangxi, kisha ukarudi Ulaya kama bidhaa. Biashara ina vituko vyake.

Kwa maumbo ya ajabu ajabu, shaba inashinda: vinara vya mishumaa, birika zenye midomo mirefu, visanduku vyenye mifuniko ya bawaba. Udongo wa kaure hulegea au kupasuka tanuruni ukilazimishwa hivyo.

Ila shaba ikidondoka, kioo hubanduka na kuacha kovu jeusi. Kaure huvunjika kabisa, lakini isipodondoka hustahimili chai moto na sabuni miaka nenda rudi. Ya kulia chakula, ningechukua kaure. Ya kutazama, shaba, bila kusita.