TAHADHARI: Taa ya mimea ya "wati 60" ni wati 9, nimeipima na nimeifungua

Jamani, nimepigwa. Naandika mkono unatetemeka na sijui kama ni hasira au aibu. Mimi niliyemcheka mtu juzi kwa kununua pampu isiyovuta hata mate, leo ni zamu yangu. Mhusika unajijua, cheka mpaka ushibe, umeruhusiwa.

Tangi langu la samaki mnalijua. Kina chake sentimita 45. Anubias, mmea wangu wa majini wa zamani, haikuwa tatizo, ile haina makuu, inaishi hata ukiisahau kwenye kiza nusu. Ila safari hii nilitaka Rotala nyekundu, mmea wa majini unaodai mwanga mwingi. Pembeni nilitaka na chupa za maji ya kijani, mwani wa kuwalisha viroboto-maji (vidudu vidogo vya majini) ili nao wawe chakula cha vifaranga wa samaki. Na taa zenye majina makubwa kwangu ni za kutazama picha tu, hilo nalo mnalijua.

Sasa sikilizeni nilivyoingizwa mjini. Jamaa muuzaji alikuja na boksi la kijani, akaifungua taa taratibu kama mtu anayefungua mkufu wa dhahabu. Akailaza juu ya meza. Akasema, "Kaka, zima kwanza taa ya chumbani, hii huwezi kuuona uzuri wake kukiwa na mwanga mwingine." Nikazima! Tena niliinuka mwenyewe, kwa miguu yangu, nikaenda ukutani nikabonyeza swichi. Chumba kikawa giza tii, naye akawasha. Macho yakajaa machozi. Ningewashiwa hata tochi ya simu kwenye giza lile, ningelia vile vile.

Hajamaliza. Akatoa simu yake, akafungua programu ya kupima mwanga, akaisogeza chini ya taa mpaka pakabaki nafasi ya vidole viwili. Namba zikaanza kupanda: elfu 4, elfu 7, elfu 9 na ushee. "Unaona? Hapa mimea yako iko nje mchana." Najua vizuri kabisa kwamba jua kali la mchana linafika luksi laki moja (luksi ndicho kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Nilikuwa najua siku ile, nilijua pia jana yake. Lakini nilitikisa kichwa kama mjusi juani. Na kinachoniuma zaidi, futi yangu ya kupimia ilikuwa mezani pale pale, karibu na kiwiko changu. Sikumwambia aisogeze simu mpaka sentimita 45, mimea ilipo. Samaki wangu hawaishi vidole viwili chini ya taa.

Mtasema nilikuwa mjinga. Sawa, lakini mngemsikia anavyoongea. Hakuwa mtu wa kusema "taa nzuri sana hii bosi" akaishia hapo. Aliniambia wiki za mwanzo niiwashe saa 6 tu kwa siku, niweke taima, kwa sababu mimea ikiwa bado haijashika, mwanga wote wa ziada unaliwa na mwani. Hiyo ni kweli, hata sisi huwaambia wageni hivyo hivyo. Akaniambia Cryptocoryne, mmea mwingine wa tangini, ikihamishwa huyeyusha majani yake yote, nisiing'oe, mizizi ikipona itachipua upya. Nayo ni kweli tupu. Sasa mtu amekupa kweli mbili mfululizo bila kumwomba, ya tatu utaikagua saa ngapi? Ya tatu ndiyo ilikuwa "wati 60, wigo kamili", yaani eti inatoa rangi zote za mwanga, nami nikaimeza na maji.

Na ile kweli ya pili alikuwa anaiwekea akiba. Wiki ya tatu nikamtumia picha, kajibu papo hapo: "Tulia kaka, zinayeyuka kwanza." Nikatulia! Rotala haiyeyuki vile. Rotala yangu ilikuwa imerefuka kama kijana aliyebalehe ghafla, pingili moja hadi nyingine nafasi tupu, majani ya chini yameanguka, ule wekundu umegeuka kijani kilichochoka. Mmea ukirefuka hivyo unautafuta mwanga, haupati. Kila mtu hapa anajua. Nami nikakaa wiki nyingine nzima "nikitulia".

Aliyenizindua ni binti yangu. Nilikuwa nimejaza chupa mbili za maji ya tangi, moja nikaiweka chini ya taa hii, nyingine nikaisahau dirishani. Asubuhi moja kasimama anaziangalia, akasema, "Baba, ile ya dirishani imeshinda." Nikageuka. Ya dirishani ilikuwa imeiva, kijani huoni kidole upande wa pili. Ya taa ya wati 60 ungeweza kuinywa. Mwani, jamani! Mwani ambao tunaupigania kila siku usiote, ulikataa kuota chini ya taa hii.

Ndipo nikatoa kipimo cha umeme kile cha kuchomeka kwenye soketi. Wati 9. Nikadhani kimeharibika, nikachomeka pasi, kikasoma sawa. Nikairudisha taa: 9. Kisha nikaigeuza adapta, kitu ambacho kingenichukua sekunde tano siku ya kwanza, nikakuta maandishi madogo ya kijivu juu ya plastiki nyeusi: volti 12, ampea 1. Zidisha. Ni 12. Adapta ile imetengenezwa kutoa wati 12 tu, hizo 60 zingepitia wapi?

Nikaifungua. Mfuniko wa pembeni ulitoka kwa ukucha, gundi yake inanyumbuka kama bazoka. Ndani kulikuwa na ukungu wa maji, matone madogo yamejipanga juu ya chipu, na juu imeandikwa IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji, kwa herufi nene. Ile 8 maana yake kifaa kinaweza kukaa kimezama. Hii haikuzama, ilikaa juu ya kioo, imevuta mvuke tu. Mwili wa "aluminiamu" nikaukwaruza kwa ufunguo: rangi ya fedha ikatoka, chini yake plastiki nyeupe. Chipu za LED zinahitaji chuma cha kupeleka joto, zikifungiwa kwenye plastiki zinajipika zenyewe na mwanga unafifia mapema. Na safu ya chipu nyekundu, ile ya "wigo kamili", haikuwa na waya. Imebandikwa tu. Urembo.

Nikampigia. Unajua alichosema? Kwamba wati 60 maana yake ni "sawa na globu ya zamani ya wati 60". Ile ya waya wa moto! Hiyo ni kama lumeni 800 (jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa), na globu ya kawaida ya LED ya wati 9 inatoa hizo hizo. Yaani aliniuzia globu moja, kairefusha, kaiwekea picha ya jani kwenye boksi. Nilipomwambia anirudishie pesa akasema "mtandao unasumbua", akakata, akanifungia. Mpaka leo.

Huyu mtu anastahili kukamatwa, na sisemi kwa mzaha. Umeme juu ya maji, muhuri wa uongo, na wanaonunua wana watoto wanaoingiza mikono tangini. Arudishe pesa ya kila mtu, kisha afungiwe chumbani na taa yake hiyo hiyo asomee hati ya mashtaka, tuone atafika mstari wa ngapi. Na wanaomtetea kwamba "anatafuta riziki kama wengine" wanyamaze. Riziki ya kubandika stika ya IP68 kwenye plastiki iliyopakwa rangi ni riziki gani? Afungiwe kila anapouzia, na akija kwa jina jipya afungiwe tena.

Haya, mnaouliza utaijuaje. Soma adapta, usisome boksi. Volti mara ampea, ukikuta jibu dogo kuliko wati zilizotangazwa, ondoka. Ishike mkononi, taa ya wati 60 za kweli ni nzito kwa sababu ya chuma, hii ilikuwa nyepesi kama rula ya shule (hata hilo nililiona nikajiambia teknolojia imekua). Akitaka uzime taa ya chumba, usizime. Akipima, apime kwa umbali wa kina cha tangi lako. Mimi nilirudia baadaye kwa programu kama yake: sentimita 45 ilisoma elfu moja na kidogo. Na luksi zenyewe zinapimwa kwa jicho la binadamu, linalopenda kijani, wakati mmea unakula zaidi bluu na nyekundu, kwa hiyo namba kubwa peke yake haikuambii yote. Taa yenye mwanga wa zambarau nayo isikuhadae, mimea inakua vizuri chini ya taa nyeupe. Kuna mengine, nikikumbuka nitaongeza, sasa hivi kichwa kinaniuma.

Kwa sasa nimefunga globu mbili za kawaida za nyumbani, nyeupe ya kelvini 6500 (namba ya rangi ya mwanga, kama wa mchana), wati 10 kila moja, ndani ya vikombe vya kuakisi, nimezishusha karibu na maji. Waya nimeulegeza ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, tone likitiririka lidondokee sakafuni. Siku ya nane ile chupa iliyokataa kuota mwani imeanza kugeuka kijani. Rotala nimeikata vichwa nikapanda upya, wekundu siutarajii kwa globu hizi, lakini pingili zimeanza kukaribiana.

Boksi lake ni la kijani, lina picha ya jani na tone la maji, na stika ya "60W" imekaa upande kidogo, kama iliyobandikwa kwa haraka. Mwenye nalo asilitupe wala asifute ujumbe aliotumiana naye. Piga picha adapta, pale penye volti na ampea, uiweke hapa tujue tuko wangapi.